Naombwa niwe mkuu wa stoo na mkuu wa ubora kwa wakati mmoja: nikubali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi katika kiwanda cha kusindika minofu ya sangara hapa Mwanza. Nilisomea chuo cha uvuvi cha Nyegezi, nikaanza kama fundi wa maabara ya kiwanda, na sasa ninasimamia stoo ya baridi pamoja na stoo ya vifungashio. Meneja wetu wa ubora ameacha kazi, na mkurugenzi anataka kuunganisha nafasi yake na yangu ili niwe Mkuu wa Ghala na Udhibiti wa Ubora, nikiwa chini ya meneja wa uzalishaji. Mshahara utapanda vizuri, na kutakuwa na marupurupu yatakayotegemea tani zinazosafirishwa kila mwezi. Naomba kujua: mtu mmoja anaweza kuzishika kazi hizi mbili? Katika ngazi ya ukuu kazi yenyewe ni ipi hasa, maana kuhesabu katoni nimeshazoea? Nidai nini kiandikwe kwenye barua ya uteuzi? Je, nahitaji vyeti zaidi? – Msomaji, Nyakato, Mwanza.

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuaminiwa.

Ukuu upokee, lakini usiupokee katika umbo ulilopewa. Katika barua yako kuna mambo mawili yanayonitia shaka kuliko hata huko kuunganishwa kwa nafasi. La kwanza ni kwamba utakuwa chini ya meneja wa uzalishaji, na la pili ni marupurupu yanayofuata tani zilizosafirishwa. Ukiyaweka hayo mawili pamoja na muhuri wa ubora mkononi mwako, kila mzigo utakaouzuia utakuwa umekipunguza kipato chako mwenyewe na kumuudhi mtu anayekufanyia tathmini ya mwaka. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, walisema wahenga, na sioni sababu ya kudhani kwamba wewe au mimi tungekuwa tofauti saa nane za usiku, zamu ikiwa imechoka na kontena liko mlangoni.

Kazi hizi mbili zina undugu wa karibu sana, na ndiyo maana wazo la mkurugenzi wako haliko mbali na akili. Mkuu wa stoo anatakiwa ajue mambo manne kuhusu kila paleti iliyomo ndani: ni kiasi gani, iko wapi, ina umri gani, na ina hali gani. Hilo la nne ndilo wengi hawalihesabu kuwa la stoo. Mzigo katika chumba cha baridi unaweza kuwa unasubiri majibu, umeruhusiwa, umezuiwa kwa uchunguzi, au umekataliwa kabisa, na katoni mbili zilizofungwa na mashine ileile, zenye karatasi ileile juu, zinaweza kuwa katika hali mbili tofauti huku macho yakiziona kuwa pacha. Stoo inayojua idadi bila kujua hali haina habari ya kumpa mtu wa mauzo, kwa sababu tani ishirini zilizoandikwa kwenye leja zinaweza kuwa tani kumi na mbili za kuuza na nane za kesi.

Hapo ndipo mpaka unapopita. Stoo ina mamlaka juu ya mahali mzigo ulipo, na ubora una mamlaka juu ya hali yake. Mtu wa stoo ndiye anayeuhamisha mzigo, kuupanga, kuuhesabu na kuukabidhi, lakini hawezi kuutoa kutoka "unasubiri" kwenda "umeruhusiwa". Mtu wa ubora anaweza kuibadili hali hiyo, lakini hagusi hesabu wala hatoi katoni hata moja nje ya mlango. Kila mmoja ni shahidi wa mwenzake. Ukiwa na kofia zote mbili, ushahidi huo unatoweka, na atakapokuja mkaguzi wa mnunuzi kuuliza nani aliuruhusu mzigo huu na nani aliyethibitisha kwamba ndio uliotoka, utamwonyesha sahihi moja mara mbili.

Viwanda vya dawa vilishalimaliza jambo hili zamani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu utengenezaji bora wa dawa inataka mkuu wa uzalishaji na mkuu wa ubora wawe watu wawili, kila mmoja huru na mwenzake. Kwenye samaki sharti hilo halikuandikwa kwa ukali huo, na kwa sababu hiyo wakurugenzi wengi wa viwanda huona nafasi ya kubana matumizi. Wengine husema kwamba hata ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, katika toleo lake la mwaka 2015, kiliondoa sharti la kuwa na mwakilishi wa menejimenti wa masuala ya ubora. Ni kweli liliondolewa, lakini nia ilikuwa kumzuia mkurugenzi asimtwishe mtu mmoja mzigo wote kisha akakaa pembeni. Toleo hilo limeuweka wajibu juu ya uongozi wa juu wenyewe, na bado linautaka uongozi huo useme waziwazi nani ana wajibu na mamlaka gani. Ukisikia hoja hiyo kikaoni, ijibu kwa upole lakini ijibu.

Sasa niweke jambo hili katika mlango wa chumba chako cha baridi. Tuseme minofu ya jana imegandishwa, imefungwa katika katoni, imepangwa kwenye paleti, na joto la kiini chake limefika nyuzi 18 chini ya sifuri kama inavyotakiwa kwa samaki wa kugandishwa. Maabara imechukua sampuli kwa ajili ya Salmonella. Kwa njia ya kawaida ya kuotesha vimelea, jibu kamili huchukua siku nne hadi tano. Katika siku hizo paleti ile ni mali kwenye vitabu vya mhasibu, ni nafasi iliyoliwa katika chumba chenye bili kubwa ya umeme, na ni oda ambayo mteja anaiulizia kila asubuhi. Siku ya tatu kontena linafika mapema. Hakuna mtu atakayekuja kukuambia utoe mzigo mbaya. Watu hawasemi hivyo. Utaambiwa kwamba bechi zote za mwezi huu zimetoka safi, kwamba meli haisubiri, na kwamba majibu yatatumwa kwa barua pepe mzigo ukiwa njiani. Kila sentensi katika hizo inaweza kuwa ya kweli. Mwenye marupurupu ya tani ataziona kuwa za kweli zaidi.

Kwa minofu mibichi ya kwenda kwa ndege, mambo yanageuka, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo ukuu unapotofautiana na ufundi. Minofu hiyo inahifadhiwa kwenye joto linalokaribia lile la barafu inayoyeyuka, na maisha yake ni ya siku chache. Hakuna atakayeizuia siku tano akingoja maabara. Jibu la Salmonella likitoka, samaki yule ameshaliwa Ulaya. Kwa hiyo mzigo mbichi unaruhusiwa kwa ushahidi wa mchakato wenyewe: joto la kupokelea, usafi wa meza na visu, nguvu ya klorini kwenye maji, muda ambao mnofu umekaa nje ya barafu, na rekodi za sehemu nyeti zilizoainishwa katika HACCP, yaani mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula katika kila hatua ya mchakato. Maabara inabaki kuwa shahidi wa baadaye anayekuambia kama mfumo ulikuwa unasema kweli. Mkuu wa ubora anayekaa ofisini akisubiri karatasi za maabara, katika kiwanda cha minofu mibichi, atakuwa anasoma habari za wiki iliyopita. Kazi yake iko sakafuni, na zaidi iko mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani.

Watu wa rika langu hapa Mwanza hawahitaji kuelezwa gharama ya jambo hili. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia sangara wa ziwa hili kwa sababu ya Salmonella. 1998 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi wa kanda yetu kwa hofu ya kipindupindu. Na 1999 likaja zuio jingine baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Zuio lilielekezwa kwa nchi, kwa hiyo kiwanda kisafi kilisimama sawa na kichafu, na wavuvi wa visiwani ambao hawajawahi kuiona hata karatasi moja ya HACCP walirudi nyumbani na samaki wasio na bei. Mfumo tulio nao leo, ambapo Idara ya Uvuvi ndiyo mamlaka inayotambuliwa na Ulaya, kiwanda kinauza kwa namba yake ya idhini, na maabara ya Taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, ulikomazwa na misukosuko ile. Namba ya idhini iliyochapwa kwenye katoni zako ni mali ya kiwanda kuliko katoni zenyewe.

Hilo linanileta kwenye stoo ya vifungashio, ambayo umeitaja kama jambo dogo. Si dogo. Katoni na lebo zenye namba ya kiwanda zinapaswa kuhesabiwa na kufungiwa kama vitabu vya risiti: zilizotolewa asubuhi, zilizotumika, zilizoharibika, na zilizorudi jioni. Lebo zikizagaa, siku moja utakuta samaki asiyepita kiwandani kwenu anauzwa kwa jina lenu, na hutakuwa na namna ya kukanusha. Hilo ni suala la stoo au la ubora? Ni la wote wawili, na ni aina ya swali ambalo mkuu analiona wakati mtunza stoo anaona rundo la karatasi.

Mfano mwingine wa karibu zaidi ni madumu ya klorini. Klorini ya maji hupungua nguvu kadiri siku zinavyokwenda, na joto huiharakisha. Dumu lililokaa kwenye kibanda cha bati chini ya jua la Mwanza kwa miezi kadhaa bado ni dumu lililojaa. Kwenye kadi ya stoo halijapungua hata lita moja. Kwenye maji ya kuoshea minofu, kipimo kilekile cha kila siku kinatoa nguvu nusu, na fundi wa ubora anaanza kuwalaumu vibarua kwa kutoosha mikono. Stoo imehesabu sawasawa na ubora umepima sawasawa, na hakuna aliyejua kwamba wanazungumza kuhusu dumu moja. Kutoa kwanza kile kinachokaribia kuisha muda, hata kama hakikuingia kwanza, ni kanuni inayosemwa sana kwa samaki na kusahaulika kwa kemikali, dawa za maabara na glavu.

Umeuliza kazi ya ukuu ni ipi. Katika ngazi uliyopo sasa, unaulizwa kama hesabu imetimia. Katika ngazi unayoitiwa, utaulizwa kwa nini haitimii na utafanya nini, kisha utaulizwa gharama yake na mtu asiyejua tofauti ya mnofu na bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki. Chukua hesabu ya mizania ya samaki. Tuseme kiwanda kimepokea kilo 4,000 za sangara. Kinachotoka upande wa pili ni minofu, mabondo, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki), ngozi, mafuta, matumbo na maji, na vyote vikijumlishwa vinapaswa kukaribia kilo zilizoingia. Pengo likionekana, mawazo ya kwanza ya kila mtu ni wizi, na kwenye mabondo mara nyingi mawazo hayo hayako mbali, kwa sababu bondo kavu lina bei ambayo mnofu hauioti. Hata hivyo mara nyingi pengo limezaliwa kwenye mzani wa kupokelea. Kreti imepimwa na barafu na maji yake, wakala amelipwa kwa uzito huo, na barafu ile imeyeyuka kabla ya meza ya kwanza. Kiongozi wa stoo peke yake ataandika upungufu na kuwaita walinzi. Kiongozi wa ubora peke yake atafurahi kwamba samaki alikuja na barafu ya kutosha. Anayeuona mchakato mzima ataweka utaratibu wa kuchuja maji na kutoa uzito wa barafu na kreti kabla ya kupima, na ataueleza kwa mawakala kabla ya kuuanzisha, maana wakala aliyeshtukizwa huhamia kiwanda cha jirani siku hiyohiyo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayobeba ufuatiliaji wa asili ya bidhaa. Sheria ya chakula ya Ulaya ya mwaka 2002, ambayo kipengele chake cha ufuatiliaji kilianza kutumika Januari 2005, inamtaka mfanyabiashara wa chakula ajue mzigo aliununua kwa nani na alimuuzia nani, na mnunuzi wa huko anausukuma wajibu huo hadi kwako. Ukipewa namba ya bechi moja iliyoko kwenye duka la mbali, unapaswa kueleza ilitoka zamu ipi, kwa samaki wa gari lipi, kutoka mwalo upi, na katoni nyingine zote za bechi hiyo zilikwenda wapi, na kilo zijumlike. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, gari la kutoka Sengerema lilikaa kwenye foleni ya kivuko huku barafu ikiyeyuka, na muda huo ulionekana kwenye karatasi za kupokelea. Sasa foleni haipo, na nimesikia baadhi ya viwanda vimeacha kuandika saa ya gari kuondoka mwaloni. Ni kosa. Saa ile ndiyo kiungo cha kwanza cha mnyororo wako, na bila hiyo huwezi kutetea joto la kupokelea. Hapohapo mapokezi ndipo anapokataliwa sangara aliye chini ya sentimita 50. Mkuu anayefumbia macho samaki wadogo ili ajaze tani anaikata riziki ya kiwanda cha mwakani, mbali na kuvunja sheria.

Upande wa fedha nitaupita haraka kwa sababu mhasibu wenu atakueleza vizuri kuliko mimi, ila ujue jambo moja. Kanuni za uhasibu za kimataifa zinataka mali iliyo stoo iandikwe kwa thamani iliyo ndogo kati ya gharama yake na kiasi halisi kitakachopatikana ikiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuiuza. Mzigo uliozuiwa kwa miezi mitatu, ambao kila mtu anajua utaishia kuuzwa kwa bei ya chini soko la ndani, hauwezi kuendelea kukaa kwenye vitabu kwa bei ya Ulaya. Ukifika mwisho wa mwaka wa hesabu, kutakuwa na ushawishi wa kimyakimya wa kuuacha kama ulivyo. Ripoti yako ya mwezi iwe na mstari unaoonyesha thamani ya mzigo uliozuiwa na umri wake, kila mwezi bila kukosa, hata ukiwa sifuri, ili siku utakapokuwa mkubwa usionekane umeuleta wewe.

Kuhusu kuhesabu mali, acha ule mtindo wa kufunga kiwanda siku mbili mwishoni mwa mwaka na kuwatia watu wote kwenye baridi. Gawa mali kwa thamani na hatari. Wazo hili liliandikwa mwaka 1951 na H. Ford Dickie wa General Electric, na halijazeeka: vitu vichache hubeba sehemu kubwa ya fedha, kwa hiyo vihesabiwe mara kwa mara, na vingi vya bei ndogo vihesabiwe mara chache. Mimi ningeongeza kwamba katika chakula thamani ya shilingi haitoshi kuwa kipimo. Lebo ni rahisi, na kipimajoto ni kifaa kidogo, lakini vikipotea vinaweza kusimamisha kiwanda. Viweke kwenye kundi la juu pamoja na mabondo. Usiwatumie watunza stoo walewale kuhesabu eneo lao wenyewe.

Umeme ukikatika nao una somo lake. Jenereta ikichelewa, chumba kikapanda joto, ni nani anayeamua kama mzigo bado ni mzima? Katika viwanda vingi huamua yule aliyepo, kwa kugusa katoni kwa mkono. Inapaswa kuwa uamuzi wa ubora, kwa joto la kiini la minofu lililopimwa katika paleti za mlangoni na za ndani, likaandikwa pamoja na saa, na bechi zilizopita kiwango zikabadilishwa hali mara moja kwenye kompyuta na kwa utepe mwekundu kwenye paleti zenyewe. Naomba usitegemee kompyuta peke yake. Kibarua wa kupakia hasomi kompyuta. Anasoma utepe na kufuli. Ukiweza kupata kizimba ndani ya chumba cha baridi chenye kufuli ambayo ufunguo wake haukai stoo, utakuwa umetatua nusu ya ugomvi wako wa baadaye.

Turudi kwenye barua ya uteuzi. Chaguo langu la kwanza kwako ni uombe ukuu wa ubora peke yake, ukiripoti kwa mkurugenzi moja kwa moja, na stoo apewe msaidizi wako wa sasa. Una msingi wa maabara, na umekaa stoo muda wa kutosha kujua njia zote ambazo mzigo hupitia bila karatasi. Mkuu wa ubora mwenye ujuzi huo ni nadra. Mkurugenzi akisema kiwanda ni kidogo na hawezi kulipa wakuu wawili, usigombane naye, kwa sababu anaweza kuwa anasema kweli. Kubali jina lenye kofia mbili, lakini uombe mamlaka yagawanywe chini yake. Ruhusa ya kutoa mzigo isainiwe na ofisa wa ubora ambaye, kwa kazi hiyo moja, haamriwi na wewe wala na meneja wa uzalishaji; wewe ubaki na haki ya kuzuia, maana kuzuia hakuna anayekuonea wivu. Yaani wawe wengi wanaoweza kusimamisha mzigo, na mmoja tu anayeweza kuuachia.

Iandikwe pia kwamba uamuzi wa kuzuia hautenguliwi kwa simu wala kwa mdomo. Anayetaka kuutengua ni mkurugenzi pekee, kwa maandishi, akieleza sababu, na katika mambo ya usalama wa mlaji, kama vimelea au sumu, asiweze kuutengua hata yeye. Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kuonekana ya ujeuri kwa mtu anayeomba cheo. Iombe hata hivyo, na umweleze kwamba inamlinda yeye kuliko wewe: mnunuzi akimpigia kelele, atakuwa na jibu. Zamu ya usiku nayo itajwe kwa jina la cheo, kwa kuwa mambo mengi huharibika wakuu wakiwa wamelala. Nani anashika mamlaka yako kuanzia saa mbili usiku, na anaruhusiwa kufanya nini. Kama jibu ni "apigiwe simu mkuu", basi mkuu huyo hatalala, au simu itazimwa.

Marupurupu yabadilishwe msingi wake. Badala ya tani, yafuate mambo unayoyaongoza kweli: usahihi wa kumbukumbu za stoo dhidi ya hesabu halisi, malalamiko ya wateja, muda unaotumika kufuatilia bechi moja kutoka katoni hadi mwaloni, na kiasi cha mzigo kilichoharibika kikiwa mikononi mwenu. Usikubali kipimo kinachokulipa kwa mizigo michache kuzuiwa. Kipimo hicho kinaonekana kizuri kwenye karatasi, na ndani ya miezi michache kinawafundisha watu wasizuie.

Kwa vyeti, jambo si zito. Upande wa ugavi, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ndiyo inayosajili na kutahini, chini ya sheria yake ya mwaka 2007. Ukibaki na sehemu ya stoo, anza mchakato wa usajili mapema. Upande wa ubora, msingi wako wa Nyegezi unatosha kuanzia, ongeza mafunzo ya kukagua mifumo ya HACCP na ISO 22000, kiwango cha usimamizi wa usalama wa chakula. Mengine yatakuja. Nimeona wenye vyeti vingi wakishindwa kusema hapana mbele ya dereva wa lori.

Kabla ya kusaini chochote, omba wiki moja ya kuangalia. Chagua katoni yoyote iliyosafirishwa miezi miwili iliyopita na uifuatilie mwenyewe kurudi nyuma hadi mwalo, ukihesabu kilo, bila kumwarifu mtu. Fanya hivyo jioni ya Ijumaa, wakati aliyezoea kutafuta mafaili ameshaondoka. Kisha omba orodha ya mizigo yote iliyozuiwa mwaka huu, na kwa kila mmoja uangalie aliuzuia nani, aliuachia nani, na kwa ushahidi gani. Orodha hiyo ikikosekana, au ikiwa mistari yote imesainiwa na meneja wa uzalishaji, utakuwa umejua kwa nini aliyekutangulia ameacha kazi. Hata hivyo mtafute na umuulize, kwa faragha na kwa heshima, kwa sababu karatasi hazisemi kila kitu.

Kuhusu mshahara wenyewe, sijui viwango vya kiwanda chenu na sitakukadiria. Lakini ukiona mkurugenzi yuko tayari kupandisha mshahara kuliko kuandika ile sentensi kuhusu kuzuia mzigo, punguza madai ya fedha na usipunguze ile sentensi.